Jimbo ni Watu, Si Kilima

Muhula uliopita Baraza la Wanafunzi la shule yetu lilipiga kura juu ya tangi la maji. Wengi wenu mwakumbuka. Shule ilikuwa imepata tangi moja, nasi wanafunzi tukaambiwa tuseme wenyewe liwekwe wapi: nyuma ya kanisa, karibu na bweni la zamani, au kule chini ng'ambo ya uwanja wa mpira, karibu na bweni jipya. Kura zilikuwa saba kwa sita. Tangi likawekwa nyuma ya kanisa.

Mimi ni mmoja wa wale saba. Nakaa katika bweni la zamani, nami ni mjumbe wake. Niliporudi bwenini siku ile nilipigiwa makofi, na sitaficha kwamba niliyafurahia. Lakini yafaa sasa niseme idadi yetu waziwazi. Sisi wa bweni la zamani tu wavulana 14, kwa maana paa la upande mmoja limeharibika na vyumba vyake vimefungwa. Bweni jipya lina wavulana 124. Sisi 14 tuna wajumbe wawili, kama kila bweni lililokuwapo siku kanuni za Baraza zilipoandikwa. Wale 124 hawana mjumbe hata mmoja, kwa sababu siku hiyo bweni lao lilikuwa bado halijajengwa. Kila asubuhi kabla ya kengele nawaona wakipanda na ndoo kuja kuteka maji kwenye tangi letu, na mara nyingi wengine huchelewa darasani.

Wakati huo nilikuwa nasoma historia ya Bunge la Uingereza, nikakutana na habari za jimbo moja liitwalo Old Sarum. Nilipofika mwisho nilifunga kitabu nikaona haya, kwa maana niliona kwamba bweni letu ni Old Sarum, na mimi ndimi mbunge wake. Nawaombeni ruhusa niwasimulie habari hizo, kisha niseme nionalo.

Old Sarum ni kilima kusini mwa Uingereza, karibu na mji wa Salisbury. Zamani sana palikuwa na boma la udongo lililochimbiwa handaki kulizunguka. Walipokuja Wanormani katika karne ya 11 walijenga ngome juu yake, na kando ya ngome wakajenga kanisa kuu. Watu wakakaa, mji ukawa. Lakini kilima kilikuwa na upepo mkali, maji yalikuwa haba, na makasisi hawakupatana na askari wa ngome. Basi mwaka 1220 uliwekwa msingi wa kanisa kuu jipya kule bondeni penye mto. Kanisa likashuka, na watu nao wakashuka na masoko yao na mafundi wao. Huo ndio mji wa Salisbury wa leo. Kule juu palibaki mawe na majani, na baada ya miaka mingi kondoo tu.

Lakini kitu kimoja hakikushuka. Old Sarum ilikuwa imepewa haki ya kupeleka watu wawili Bungeni tangu mwaka 1295. Salisbury mpya nayo ilipata wabunge wake wawili, ila hapana mtu aliyekumbuka, au aliyetaka kukumbuka, kuwafuta wale wa kilimani. Hivyo kilima kile kiliendelea kuwa na wabunge wawili mpaka mwaka 1832.

Mtauliza, ni nani aliyekuwa akipiga kura pasipo na nyumba? Jibu ni kwamba kura haikuwa ya mtu, ilikuwa ya kiwanja. Viwanja vichache vya mji wa zamani vilikuwa vimehesabiwa, na yeyote mwenye hati ya kiwanja ndiye aliyekuwa na kura. Kwa hiyo tajiri mmoja aliweza kuvinunua vyote, na siku ya uchaguzi akawagawia hati rafiki zake au watumishi wake, nao wakamchagua mtu aliyemtaka yeye. Mwaka 1831 wapiga kura wa Old Sarum walikuwa 11, wala hapana hata mmoja aliyekaa huko. Yasimuliwa kwamba uchaguzi ulifanywa shambani, chini ya mti mmoja mkubwa ulioitwa Mti wa Bunge.

Jimbo la namna hii ni mali kama ng'ombe au shamba. Mwaka 1691 lilinunuliwa na Thomas Pitt, mfanyabiashara ambaye baadaye alikuwa gavana wa Madras huko Bara Hindi. Huyu ndiye aliyenunua almasi kubwa mno, akaja akamwuzia mtawala wa Ufaransa mwaka 1717. Leo almasi hiyo imo katika jumba la Louvre, Paris. Jimbo lake liliendelea kukaa katika jamaa yake. Mwaka 1802 lilinunuliwa na lodi mwingine kwa pauni 60,000. Mashamba yenyewe hayakuweza kuwa na thamani hiyo hata kidogo. Kilichonunuliwa kilikuwa ni viti viwili vya Bunge.

Huku hayo yakitendeka, nchi ilikuwa ikibadilika. Viwanda vya pamba na chuma vilivuta watu kwenda kaskazini. Manchester, Birmingham na Leeds ilikuwa miji mikubwa yenye watu makumi ya maelfu, na Manchester ilipita 100,000; lakini haikuwa na mbunge wake hata mmoja. Walioivaa nguo ya Manchester dunia nzima walikuwa wengi, aliyesema kwa ajili ya Manchester Bungeni hakuwapo. Tarehe 16 Agosti 1819 watu wapatao 60,000 walikusanyika katika uwanja wa Mtakatifu Petro mjini humo, wanaume, wanawake na watoto, wakitaka Bunge lirekebishwe. Wapanda farasi wenye panga waliwaingilia. Watu wasiopungua 15 walikufa, na mamia waliumizwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kiti kilicho wazi kilimani si kichekesho. Kwa kila kiti kinachokaliwa bure mahali pasipo na watu, kuna watu mahali pengine waliosimama nje.

Sasa nitawapa haki yao wale waliokitetea kilima, kwa maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na mwenye nguvu vile vile. Wao walisema hivi: tazameni William Pitt, mjukuu wa yule mwenye almasi. Aliingia Bungeni mwaka 1735 kwa kiti cha Old Sarum, angali kijana, akawa mmoja wa viongozi mashuhuri wa Uingereza, hata akawa Waziri Mkuu. Je, angalipata nafasi hiyo kama si kilima cha babu yake? Tena tazameni John Horne Tooke, mtu aliyepigania haki za raia maisha yake yote. Naye aliingia Bungeni mwaka 1801 kwa kiti hicho hicho, kwa sababu mwenye jimbo alipenda kumpa.

Hoja hii ina uzito kidogo, lakini naona haisimami. Kwanza, Horne Tooke alikuwa kasisi, na Bunge lilipotaka kumwondoa lilipitisha sheria mwaka ule ule kwamba makasisi wasichaguliwe tena. Yeye aliachwa amalize muda, kisha basi. Hapana watu waliosimama kumtetea, kwa maana hapakuwa na watu. Mbunge aliyepewa kiti na mtu mmoja hana wa kumlilia siku mtu yule akichoka naye. Pili, Pitt mwenyewe, aliyekuwa amelelewa na kilima hicho, alikuja akasema Bungeni kwamba vijimbo vya namna hii ndiyo sehemu iliyooza ya serikali yao. Mwanawe, aliyekuwa Waziri Mkuu naye, alileta mswada mwaka 1785 wa kufuta vijimbo 36 vya namna hiyo na kuwalipa wenyewe fidia. Alishindwa kwa kura 248 dhidi ya 174. Baadhi ya waliomshinda walikuwa wamekalia viti vya namna hiyo hiyo. Nani atakata tawi alilokalia?

Na bado tawi lilikatwa. Mwezi wa Machi 1831 mswada wa kurekebisha Bunge ulisomwa mara ya pili, ukapita kwa kura 302 dhidi ya 301. Wasomaji wenzangu, kura moja! Mswada huo haukufika mwisho. Ukaja mwingine baada ya uchaguzi mpya, nao mwezi wa Oktoba ulikataliwa na Baraza la Malodi kwa kura 41 zaidi. Ghasia zikatokea: huko Nottingham ngome ilichomwa moto, na Bristol ilikuwa na fujo siku tatu. Hatimaye malodi walikubali kwa shingo upande, na tarehe 7 Juni 1832 ikawa sheria. Vijimbo 56 vilifutwa kabisa, Old Sarum ikiwa mmojawapo. Mwingine ulikuwa Dunwich, mji uliokuwa umeliwa na bahari kwa sehemu kubwa, lakini bado ukipeleka wabunge wawili. Manchester ikapata wabunge wawili wake wa kwanza katika Bunge jipya.

Sisemi kwamba sheria ile ilimaliza kazi. Wanaume wengi maskini walibaki nje, wanawake wote walibaki nje, na kura ya siri haikuja mpaka 1872. Wanawake wa kwanza walipata kura ya Bunge mwaka 1918, na kuwa sawa na wanaume katika jambo hilo mwaka 1928. Lakini tazameni kilichofuata mara moja. Mwaka 1833 Bunge lile jipya lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni mengi ya Kiingereza. Sababu zilikuwa nyingi, na watumwa wenyewe walikuwa wameasi huko Jamaica. Hata hivyo, wenye mashamba ya miwa ya Karibi walikuwa wamezoea kununua viti vya vijimbo vilivyooza ili kulinda biashara yao, na viti hivyo vilipopungua, sauti yao nayo ilipungua. Hivyo hata mtu aliyekuwa ng'ambo ya bahari, asiyejua kama Old Sarum ipo duniani, alikuwa akiumizwa na kilima kile.

Msidhani kwamba mambo haya ni ya Waingereza peke yao. Wao wenyewe walipokuja kututawala huku Afrika ya Mashariki walitugawia viti kwa namna inayofanana. Huko Kenya, katika uchaguzi wa Waafrika wa Machi 1957, Waafrika waliokuwa mamilioni walipewa viti vinane vya kuchaguliwa, na Wazungu, ambao walikuwa maelfu tu, walikuwa na viti 14. Huko Tanganyika, katika uchaguzi wa 1958 na 1959, kila mpiga kura alilazimishwa kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu. Viti vikawa sawa kwa mataifa yale matatu, ijapokuwa watu hawakuwa sawa hata chembe. TANU ilijadiliana juu ya jambo hilo Tabora mwezi wa Januari 1958, ikakata shauri kuingia katika uchaguzi huo na kushinda kwa kanuni zile zile mbovu, nayo ikashinda. Wazee wetu walipodai mtu mmoja, kura moja, walikuwa wakidai kile walichodai watu wa Manchester.

Siku hizi sheria zetu zimeandikwa vizuri zaidi. Hapa Uganda Katiba ya 1995, katika kifungu cha 63, yasema majimbo yawe na idadi ya watu inayokaribiana kadiri iwezekanavyo, na kwamba Tume ya Uchaguzi iyaangalie upya majimbo katika miezi 12 baada ya kutangazwa hesabu ya watu. Hesabu ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba tumezidi milioni 45. Huko Kenya Katiba ya 2010 yataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka isiyopungua minane wala kuzidi 12. Maana yake ni kwamba waliotunga sheria hizi walijua jambo ambalo watu wa Old Sarum walijifanya hawalijui: watu huhama, mistari ya ramani haihami yenyewe.

Hapa lakini yabidi niwe mwangalifu, nisije nikaonekana mtu wa hesabu tu. Katika hesabu ya Kenya ya mwaka 2019, Lamu Mashariki ilikuwa na watu wasiofika 25,000, na Ruiru, karibu na Nairobi, ilikuwa na watu zaidi ya 350,000. Na kila moja ni jimbo lenye mbunge mmoja. Je, Lamu Mashariki ni Old Sarum? Mimi nasema sivyo. Lamu Mashariki ina visiwa, ina wavuvi, ina watu wanaovuka maji kwenda hospitali na shuleni, na shida zao hazijulikani na mtu wa Ruiru. Wako pale, wanaishi pale, wanapiga kura wenyewe. Katiba ya Kenya yenyewe inaruhusu tofauti kwa ajili ya mahali penye watu wachache waliotawanyika. Udogo wa jimbo si dhambi. Lililo baya ni watu wachache kukalia viti vya wengi kwa sababu tu walitangulia, na wengi kuambiwa wangojee. Kwa hiyo mtu wa Ruiru ana haki ya kuuliza kwa nini yeye na jirani zake wote wanasemewa na mtu mmoja tu. Jibu lake si kumnyamazisha mvuvi. Jibu ni kuhesabu watu kwa wakati wake na kuchora mipaka kwa haki.

Nimerudi sasa nyumbani, yaani shuleni. Najua watakaosema kwamba ninakuza jambo dogo: hili ni tangi, si Bunge. Nawajibu kwamba sisi tunaosoma hapa ndio tutakaokuwa maofisa, waalimu, madiwani na wabunge wa kesho. Tukizoea hapa kukalia viti vya watu 124 na kuona ni sawa, tutazoea vivyo hivyo huko mbele, na huko haitakuwa ndoo ya maji tu. Wengine wa bweni langu wameniambia kwamba ninawasaliti, kwamba bweni letu ndilo la kwanza la shule na lina heshima yake. Heshima yake naikubali. Majina ya wazee waliolala humo yameandikwa ukutani, nami nayasoma kila siku. Lakini Old Sarum nayo ilikuwa na kanisa kuu kabla ya Salisbury. Heshima ya mahali yastahili kuandikwa katika kitabu cha historia. Haistahili kupewa kura.

Basi naleta shauri langu mbele yenu na mbele ya Baraza. Kwanza, kila mwaka katika muhula wa kwanza wanafunzi wahesabiwe bweni kwa bweni, na hesabu ibandikwe ubaoni kila mtu aione. Pili, kila bweni lipate mjumbe mmoja kwa kila wanafunzi 40 au sehemu ya 40, pasiwe na bweni lenye watu lisilo na mjumbe hata likiwa dogo. Kwa kanuni hiyo bweni jipya litapata wajumbe wanne, na sisi wa bweni la zamani tutabaki na mmoja. Tatu, kura ya tangi irudiwe mbele ya Baraza jipya. Tangi likihamishwa, sisi 14 ndio tutakaoshuka na ndoo. Njia si ndefu, na sisi ni wachache; tutapanga zamu.

Mjumbe mwenzangu ni mkubwa kwangu kwa darasa na kwa umri, naye anaijua kazi kuliko mimi. Kwa hiyo kanuni zikibadilishwa, kiti kitakachofutwa na kiwe changu. Wala nisisifiwe kwa hilo. Kura yangu moja ndiyo iliyofanya saba kuwa saba. Kama ningaliipiga upande wa pili, tangi lingalikuwa kule chini tangu muhula uliopita. Nilikuwa na nafasi ya kutenda haki nikiwa nimekaa kitini, nikaiacha ipite kwa sababu ya makofi. Sasa natumaini kuitenda kwa kutoka.

Baraza litakutana wiki ya tatu ya muhula huu, na milango itakuwa wazi kwa mwanafunzi yeyote anayetaka kusikiliza. Nawaomba wa bweni jipya waje wote 124, hata kama ukumbi hautawatosha. Wakisimama nje madirishani, na sisi wachache tumekaa ndani vitini, kila mtu ataliona jambo lenyewe kwa macho yake, nami sitakuwa na haja ya kusema mengi.